Dakika za Sisimizi

Ujumbe wa kwanza ulikuwa na maneno manne tu: Dakika sita sekunde arobaini.

Hapakuwa na salamu wala jina. Kocha aliusoma akiwa mbele ya mashine ya kusaga lenzi, nyuma ya duka la miwani alikofanya kazi, vidole vimejaa unga mweupe. Alidhani mtu kakosea namba. Akaifuta simu kwa aproni, akairudisha mfukoni, akaendelea kusaga.

Miwani ndiyo iliyokuwa riziki yake. Ukocha ulikuwa mapenzi tu. Jioni tatu kwa wiki na kila Jumamosi alifundisha mpira wa kikapu kwa wasichana wasiozidi miaka kumi na minne, kwenye ukumbi wa michezo uliokuwa na paa la mabati na sakafu ya mbao iliyoanza kuinuka pembeni. Msimu ule alikuwa amepata mtoto mpya wa miaka kumi na miwili, kimbaumbau, asiyetulia hata akiwa amekaa. Wenzake walimwita Sisimizi, na jina likamkaa.

Mazoezini Sisimizi alikuwa wa kutazamwa. Alipita chini ya mikono ya wasichana waliomzidi kichwa kizima, mpira ukidunda karibu na kifundo cha mguu kama umefungwa kwa uzi. Lakini siku ya mechi, mlango wa ukumbi ukifunguka na baba yake akiingia, mtoto alibadilika. Miguu ilikuwa kama ya kuazima. Mpira aliuogopa kama kaa la moto.

Baba mwenyewe alikuwa mpima ardhi. Mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, kalamu tatu mfukoni. Alikuja na ile miguu mitatu ya kazini anayosimamishia kifaa cha kupimia viwanja, akaweka kamera juu yake, akakaa pembeni na daftari la mirabaraba. Mtoto akiingia uwanjani, anabonyeza saa. Mtoto akitoka, anabonyeza tena na kuandika.

Baada ya mechi ya pili alimngojea kocha kwenye korido.

"Habari za jioni, Mwalimu."

"Nzuri, baba. Za kwako?"

"Leo dakika tisa. Wiki iliyopita sita na sekunde arobaini. Mechi ina dakika thelathini na mbili. Nataka tu kuielewa hesabu yako."

Hapo ndipo kocha alipojua ujumbe ulitoka kwa nani. Alimweleza kama alivyowaeleza wazazi wengine: mtoto ni mgeni, anapelekwa polepole, benchi si adhabu. Mpima ardhi alisikiliza mpaka mwisho. Aliandika hata.

"Kwa hiyo mwanangu ni mgeni mpaka lini?"

"Sina tarehe, baba."

"Kila kitu kina tarehe, Mwalimu," alisema kwa upole, akafunga daftari.

Wazazi wa kupiga kelele kocha alikuwa amewazoea. Kulikuwa na mama mmoja aliyewahi kurusha kandambili uwanjani, na Jumatatu yake akaja dukani kumwomba radhi. Watu wa namna hiyo ni kama sufuria la maziwa, likishafurika limekwisha. Huyu hakufurika. Hakupandisha sauti hata nusu, na ndiyo maana kocha alirudi nyumbani akihisi kama kuna mtu nyuma yake, ingawa kila alipogeuka hakuona mtu.

Aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Shangazi alikuwa na masikio yaliyosikia alichotaka na kuacha mengine. Hili alilisikia lote.

"Mwanamume wa kuhesabu sekunde namna hiyo," alisema akikuna goti, "mkewe akienda msalani si anampigia filimbi arudi?"

Kocha alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kulicheka jambo lile.

Mechi ya tatu alimpa Sisimizi dakika kumi na nane. Mtoto alipoteza mpira mara saba. Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha alimfuata chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta amepiga magoti chooni akitapika, mikono imeshikilia kingo za bakuli.

"Unaumwa, mwanangu?"

Sisimizi alifuta mdomo kwa jezi. "Kochi, naweza kukuomba kitu? Nirudishe benchi."

"Kwa nini?"

"Nikicheza dakika chache, anakuuliza wewe. Nikicheza nyingi, ananiuliza mimi."

Kocha alikaa chini kwenye vigae vilivyolowa, na mtoto akamsimulia akiangalia ukuta. Kila baada ya mechi, baba alizima taa za sebule na kuwasha picha za video alizopiga. Sisimizi alisimama, hakuruhusiwa kukaa. Kila kosa lilirudishwa nyuma mara kumi, na kila mara aseme kwa sauti alichokosea. Akilia, baba alisimamisha picha, akamngoja amalize, halafu akaendelea. Mama yake alikuwa mkunga, mara nyingi zamu zake zilikuwa usiku.

"Anakupiga?"

"Hapana," Sisimizi alisema, kama mtu anayejua kwamba jibu hilo halitamsaidia. "Usimwambie, Kochi. Ukimwambia atajua nimesema."

Kocha aliahidi. Wiki tatu zilizofuata alimchezesha dakika tano, mara nyingine nne, na lawama zote akazibeba kichwani mwake. Ujumbe uliingia kila Jumamosi saa kumi na mbili kamili jioni, tarakimu tupu. Baadaye ukaanza kuingia hata siku za mazoezi. Simu ikitetemeka mfukoni, alijua ni nani kabla hata ya kusoma.

Halafu mpima ardhi akaja dukani.

Alifika saa tatu asubuhi, akakaa kwenye benchi la wateja, akitazamana na kioo kikubwa kilichotenganisha duka na chumba cha mafundi. Msichana wa mapokezi alipomuuliza shida yake, alisema anasubiri. Alisubiri mpaka saa sita. Kila kocha alipoinua macho kutoka kwenye lenzi, yale macho yalikuwa palepale, hayamkodolei, yamemkalia tu, kama ya mtu anayesoma kibao. Aliharibu lenzi mbili asubuhi ile, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea. Mwishowe mpima ardhi akasogea dirishani, akavua miwani yake na kumpa.

"Skrubu ya upande huu imelegea."

Kocha aliipokea. Bisibisi ndogo ilikataa kuingia kwenye mfereji wa skrubu. Ikateleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili.

"Mikono yako inatetemeka, Mwalimu," alisema yule mtu taratibu, ili wengine wasisikie. "Kwa kazi kama hii si hatari?"

Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya nusu fainali, kocha alitoka kazini mapema. Alipokata kona ya mtaa wao aliiona ile miguu mitatu imesimama mbele ya geti la shangazi yake. Kigingi chenye kichwa chekundu kilikuwa kimepigwa chini, ndani ya ua, kwenye tuta la maua. Mpima ardhi alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha shangazi, kikombe cha chai mkononi.

"Mgeni wetu huyu ana adabu," shangazi alisema kwa furaha. "Anapima mtaa mzima. Kijana mzima kaniamkia kwa kuinama."

"Nilikuwa naondoka," alisema mpima ardhi. Alimshukuru shangazi, akakiweka kikombe chini bila kukigonga, akamwashiria kocha wasogee getini. Pale akaweka kiganja juu ya ukuta, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani.

"Ukuta wenu umeingia barabarani sentimita arobaini. Bibi hajui, na si kosa lake. Makosa ya zamani hayana neno mpaka mtu ayaandike." Alifuta vumbi la kiganja kwa leso. "Mimi bado sijaandika. Jumamosi ni mechi kubwa, sivyo?"

Shangazi aliijenga nyumba ile tofali kwa tofali kwa miaka kumi na mitano, na kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho kocha alikuwa tayari kukilinda kwa meno, ndicho kile. Hakumwambia shangazi. Alimwambia kichwa kinamuuma, akaingia chumbani na kufunga dirisha, jambo asilolifanya hata wakati wa baridi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kocha alisoma majina ya wachezaji watano wa kuanza, na jina la tano lilipotoka mdomoni mwake hakumwangalia mwenye jina. Alikwisha kujiambia kwamba ni uamuzi wa kiufundi, kwamba wapinzani ni wazito na wanahitaji mtu mwepesi wa kuwazunguka. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Kochi," Sisimizi aliuliza kwa sauti ndogo, "dakika ngapi?"

"Zote."

Mtoto alimtazama. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu na kuzifunga upya, polepole mno.

Robo ya kwanza aligongana na mwenzake. Robo ya pili alipata nafasi peke yake chini ya kikapu, na badala ya kurusha akageuka kutazama jukwaani, kulikokuwa na taa nyekundu ya kamera, na mpira ukanyakuliwa mikononi mwake. Wakati wa mapumziko alimsogelea kocha. Midomo ilikuwa imempauka.

"Nitoe, Kochi. Nakuomba."

Kocha aliinua macho. Kule juu kalamu ilikuwa inaandika. Akilini aliuona ukuta wa shangazi, akaliona tingatinga mbele yake.

"Jikaze kidogo," alisema.

Maneno hayo mawili yalimkaa kooni siku nyingi sana baadaye. Alikuwa ameyasema akijua yanayomngoja mtoto nyumbani, na mtoto alijua kwamba kocha anayajua.

Sekunde nne kabla ya mwisho wakiwa nyuma kwa pointi moja, Sisimizi alichezewa rafu, akapewa mitupo miwili huru. Wa kwanza haukugusa hata chuma. Wa pili uligonga ukingo, ukazunguka, ukaangukia nje. Filimbi ikalia. Wasichana wa upande wa pili walikumbatiana, wa kwake wakatawanyika wakiwa wameinamisha vichwa, na kocha akaenda kuwapa mkono waamuzi kama desturi. Hakukaa hata dakika tatu.

Alipoingia chumba cha kubadilishia nguo aliwahesabu. Wasichana kumi na mmoja. Begi la Sisimizi lilikuwa linaning'inia kwenye ndoano, na viatu vyake vya nje vilikuwa chini yake, vimepangwa.

"Mwenzenu yuko wapi?"

Hakuna aliyemwona.

Kocha alitazama chooni. Alitazama bafuni. Alitoka mbio hadi getini, na mlinzi akaapa kwamba hajatoka mtoto yeyote bila mtu mzima. Lakini nyuma ya ukumbi uzio ulikuwa na tundu, na baada ya tundu ilikuwa barabara ya malori. Alikwenda mpaka kwenye tundu. Alisimama pale akisikiliza breki za magari na kila breki ilimkata moyo. Akarudi ndani, akapiga magoti na kuangalia chini ya majukwaa, katikati ya chupa tupu na maganda, akiita kwa sauti ya chini kwa sababu hakutaka kusikika na mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa amesimama mlango mkuu, sweta la mtoto limekunjwa vizuri mkononi. "Amechelewa," alisema. "Dakika kumi na nne sasa."

Ilibaki stoo ya vifaa, mwisho wa korido. Kocha alisukuma mlango, ukasogea kidogo na kukwama. Kitu kilikuwa kimeegemezwa kwa ndani. Aliweka sikio kwenye mbao akasikia pumzi, fupifupi, za haraka.

"Ni mimi."

"Yuko na wewe?"

"Niko peke yangu."

Kitu kiliburutwa. Kocha alijipenyeza. Sisimizi alikuwa amejibana kati ya magodoro ya mazoezi na kapu la mipira, magoti kidevuni, bado na jezi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana kama mtu mwenye homa. Kocha alimkumbatia.

"Ulijua," Sisimizi alisema mwishowe.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Uongo ulikuwepo, tena mzuri, umeshakuja mpaka ncha ya ulimi. Kocha aliumeza. "Kwa sababu alinitisha, nikaogopa. Nikakutoa kafara wewe ili mimi nipone. Nimekosa sana, mwanangu."

Mtoto hakusema kwamba amesamehe. Hata hivyo hakuondoa kichwa chake begani.

Hapo nyayo zikasikika kwenye korido, hatua za kulingana, zisizo na haraka. Zikakoma nje ya mlango.

"Mwalimu," ilisema sauti. "Fungua."

Kocha alisimama, akageuka, akauegemea mlango kwa mgongo wake. Komeo la ndani halikuwepo. Alikuwa yeye na uzito wake tu. Alitoa simu, akatafuta namba ya mama mkunga kwenye orodha ya wazazi, akampigia. Alisema kwa ufupi: njoo ukumbini, mwanao yuko salama lakini njoo wewe. Kisha akaongea na mlango.

"Sifungui mpaka mama yake afike."

"Huyo ni mwanangu."

"Najua."

"Na tuliongea kuhusu ukuta."

"Kaandike," kocha alisema. Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Kaandike, baba. Leo nimemchezesha kwa sababu nakuogopa. Hata sasa nakuogopa. Lakini hapa hupiti."

Alitegemea teke. Alijikaza kulipokea, visigino vimekita sakafuni. Teke halikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Mpima ardhi alifungua daftari, karatasi zilisikika, akaanza kusoma kwa sauti ileile ya ofisini, mdomo karibu na mbao.

"Robo ya kwanza, dakika ya pili. Umepokea mpira ukiwa umesimama. Dakika ya nne. Umetazama chini. Dakika ya tano."

Sisimizi aliziba masikio. Sauti iliendelea, kosa baada ya kosa, kama mvua isiyo na upepo. Robo ya pili. Robo ya tatu. Kocha alijaribu kuongea juu yake, akashindwa; alijaribu kumwimbia mtoto, wimbo haukumjia hata mmoja. Sauti ikafika kwenye mitupo huru.

"Mtupo wa kwanza. Kiwiko kilikuwa nje. Sema."

Mtoto alitoa mikono masikioni. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Sema, kiwiko kilikuwa nje."

"Baba," alisema Sisimizi. "Mimi nakuogopa."

Karatasi zilinyamaza. Kocha alisubiri, na kusubiri, kichwa kimegeuzwa ubavu ili sikio liguse mbao. Alichokisikia, baada ya muda mrefu, ni mtu akijishusha sakafuni upande wa pili, polepole, mgongo ukiteleza ukutani. Walikaa hivyo, watatu wao na mlango mmoja, mpaka mkunga alipofika na sare yake ya kazi, anahema.

Naye hakupiga kelele. Alimtazama mumewe pale chini. "Nyanyuka," alisema. "Nyanyuka upishe njia. Nampeleka kwa mdogo wangu."

"Nimemletea sweta. Kuna baridi."

"Nipe."

Alimpa. Mkunga aliingia stoo, akamvalisha mwanawe sweta kama mtoto wa chekechea, mkono mmoja na wa pili. Alipopita mbele ya kocha alisimama. "Nilikuwa nasikia zile picha sebuleni siku nikiwa nyumbani," alisema. "Nikajisemea, heri mpira kuliko kuzurura mtaani. Nikajifunika shuka." Hakungoja kujibiwa.

Jumatatu kocha aliieleza kamati ya ukumbi kila kitu, pamoja na kosa lake mwenyewe, akaweka filimbi mezani. Kamati ilimrudishia filimbi. Mpima ardhi akakatazwa kukanyaga pale. Wiki ya tatu barua ya ukuta ikaja, na alipoletwa mpimaji mwingine, vipimo vilikuwa vilevile; yule mtu hakuwa amesema uongo hata sentimita moja. Ukuta ulibomolewa na kujengwa ndani zaidi, ukala tuta la maua. Kocha alimwambia shangazi sababu yake, akitarajia machozi.

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa ajili ya matofali yangu," shangazi alisema. "Siku nyingine uniulize kwanza. Matofali ni yangu, lakini yule mtoto hakuwa wako wa kumtoa kafara."

Sisimizi alirudi mazoezini baada ya miezi miwili, akiletwa na mama mdogo. Mwanzoni alikaa tu kwenye ngazi. Kisha akaomba mpira. Kocha hakumpanga kwenye mechi yoyote bila kumuuliza, na jibu likiwa hapana, hakuuliza sababu. Dukani, kila kengele ya mlango ilipolia, bado alishtuka na kuinua macho kwenye kile kioo.

Alasiri moja simu ilitetemeka mfukoni mwake wakati wasichana wanapasha misuli. Namba aliijua. Aliishika simu kwa muda kabla ya kuifungua.

Habari za jioni Mwalimu. Naomba kuuliza kama naweza kuja kutazama. Sitaleta kamera.

Kocha alitembea mpaka katikati ya uwanja, akachuchumaa mbele ya Sisimizi, akamwonyesha. Mtoto alisoma mara mbili. Alidundisha mpira mara moja, akaudaka.

"Bado," alisema.

Kocha aliliandika neno hilo peke yake. Akabonyeza kitufe, kisha akabaki amesimama anangoja, mpira ukidunda nyuma yake.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Mpima ardhi alisema sawa.